Majani Hayana Miguu

Shangazi yangu Régina alikasirika kabla baba hajashuka kwenye pikipiki. Alimwona kwa mbali kutoka mlangoni, akamtambua kwa namna alivyokaa nyuma ya dereva, magoti nje kama mtu aliyepakata ngoma. Akarudi ndani, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

"Victoire," akaniita. "Kuna mutu kule nje. Muulize anataka nini."

Mtu huyo ni Bulaimu, baba yangu mzazi na mdogo wa shangazi wa tumbo moja. Alikuwa ametoka Lusangi alfajiri, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope, mkononi jogoo, begani mfuko wa mchele mpya. Nilimtolea kiti. Akakiweka nje, chini ya ukingo wa paa, bila kuambiwa. Tangu nije Kasongo kusoma na kukaa kwa shangazi, baba hajawahi kuvuka kizingiti kile. Walikuwa wakisemezana kupitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Muambie shangazi yako," baba akasema, "Darlène anaolewa siku ya posho, Jumamosi hii. Wakwe wametoka Nyangwe, wamekwisha kufika. Muambie nimekuja kumuchukua."

Darlène ni mdogo wangu. Kwetu msichana hatoki nyumbani kwa baba yake mpaka dada ya baba amshike mkono na kumvusha mlango. Mama yake hawezi kufanya kazi hiyo, wala bibi, wala mke wa mchungaji. Shangazi akiwa hai na asije, maana yake amekataa, na msichana aliyekataliwa na shangazi yake hakuna mkwe atakayemchukua. Baba ana dada mmoja tu. Ndoa ilikuwa imeshaahirishwa kwa sababu hiyohiyo, na safari hii wazee wa Nyangwe walisema wazi kwamba wakirudi mikono mitupu, hawatakuja tena.

"Muambie," sauti ikatoka jikoni, "aende akamuombe mama yetu amushike Darlène mkono."

Baba aliinamisha kichwa. Akamhamishia jogoo mkono mwingine.

Mama yao, Bibi Aziza, alikufa mwaka ule watu wenye bunduki waliposhuka kutoka upande wa machimbo. Mama yangu na sisi watoto tulikuwa tumeshafika Kasongo kwa shangazi. Baba alirudi Lusangi kumchukua Bibi, ambaye alikuwa amekataa kuacha mbuzi wake. Siku hizo mwanamume kijana akikutwa njiani anachukuliwa au anauawa, na wanawake walio naye wanaadhibiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo walipatana baba atangulie peke yake asubuhi, aiangalie njia, na Bibi afuate baadaye pamoja na majirani wawili wanawake. Kwenye njia panda baba angeifunga njia mbaya.

Kufunga njia kwetu ni jambo la kila siku. Anayetangulia anavunja tawi lenye majani au anang'oa nyasi, anazilaza kukingama njia ambayo hakuipita. Wanaofuata hawaulizi. Wanaona majani, wanachukua njia nyingine. Hata mtoto anayepelekwa mtoni analijua hilo.

Baba alifika njia panda, akayalaza majani upande wa kushoto, kwenye njia ya machimbo, akashika njia ya kulia kuja Kasongo. Hivyo ndivyo anavyosema. Lakini mchana Bibi na wale majirani walipofika, majani yalikuwa kulia. Jirani mmoja alinusurika, naye aliapa kwa mayatima wake kwamba majani yalikuwa kulia, mabichi, yamelazwa vizuri. Wakadhani baba amekuta hatari upande wa Kasongo, wakaenda kushoto. Bibi Aziza hakurudi.

"Nilifunga kushoto," baba alimwambia shangazi siku ya matanga.

"Majani hayana miguu," shangazi akajibu. Kisha hakumwambia neno jingine kwa miaka.

Sikumbuki shangazi mwingine. Ninayemjua mimi ni mwanamke mwenye hasira, na sitaki kumpaka mafuta ili apendeze hapa. Anaikasirikia mvua ikichelewa na anaikasirikia ikija. Amegombana na maparoko watatu. Watu wa mtaa wanasema kuku wake wanataga mapema ili wasigombezwe. Na sehemu kubwa ya hasira yake anaipeleka shuleni, ambako anafundisha somo la kompyuta katika shule isiyokuwa na umeme.

Kompyuta zipo mbili. Zililetwa na wageni, zikapigwa picha pamoja na wanafunzi waliovaa sare za kuazima, kisha zikaingizwa ofisini kwa prefe, mkuu wa shule. Huko zimefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti inayosubiri ndugu zake. Kila mwaka prefe anaahidi jenereta. Kila mwaka shangazi anaingia ofisini, anafunua kitambaa, anakirudisha, anatoka akibamiza mlango.

Kwa hiyo anafundisha mashine nyingine. Alipokuwa chuo huko Kindu, mwalimu wake alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine kubwa za zamani, zile zilizojaza chumba kizima zikiwa na akili ndogo kuliko simu ya dereva wa pikipiki. Mzee huyo aliwafundisha jinsi mashine ile inavyofikiri, amri moja baada ya nyingine. Shangazi aliona kwamba mtu akiielewa hiyo, ameielewa kila kompyuta itakayokuja, na ili kuielewa hahitaji waya hata mmoja. Anahitaji uwanja, stuli na watoto.

Mchana ule, baada ya kumwacha baba ukutani kama mwombaji, alikwenda shuleni. Mimi pia ninafundisha pale, Kifaransa. Darasa langu lina dirisha linaloelekea uwanjani. Baba alitufuata kwa mbali, akakaa kwenye rundo la matofali nje ya uzio, jogoo wake chini ya mkono. Alikuwa ameapa kutorudi Lusangi bila dada yake.

Stuli zilipangwa mstari mrefu, kila moja ina namba ya chaki na kibao chenye amri. Mwanafunzi mmoja, Serge, alikuwa mtembezi. Kazi yake ilikuwa kwenda stuli kwa stuli, kwa mfuatano, na kusoma kwa sauti ili aliyekaa hapo atekeleze. Siku nzima mashine haifanyi lingine ila kwenda mbele. Uzuri wake wote uko kwenye amri moja, amri ya kuruka.

"Sikilizeni, wenye masikio," shangazi akasema. "Bila kuruka, mashine ni mutu anayetembea mpaka anadondoka mtoni. Kuruka kuko kwa namna mbili. Kuna kuruka kwa lazima: umefika, unaruka, basi. Na kuna kuruka kwa masharti: unaruka kama hali iko hivi, kama haiko unaendelea stuli inayofuata. Swali: mashine inajuaje hali iko vipi?"

"Inaangalia, Madamu!"

"Inaangalia nini, wee Chadrack? Iko na macho?"

Wakacheka. Akaonyesha kamba iliyofungwa ukutani. Juu yake kulikuwa na nafasi ya kitambaa kimoja tu. Aimée, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, alikaa kwenye stuli ya kulinganisha akiwa na mabakuli mawili ya maharage. Akikuta bakuli la kushoto lina zaidi, anatundika kitambaa cheusi. Yakiwa sawa, cheupe. La kushoto likiwa na kidogo, chekundu. Kisha kazi yake imekwisha. Mtembezi akifika kwenye stuli ya kuruka, haruhusiwi kuyaangalia maharage. Anaangalia kitambaa tu. Kibao kilisema: kikiwa cheusi, ruka mpaka stuli ya tisa, la sivyo, endelea. Kwenye stuli ya tisa bakuli la kushoto ndilo linalomiminwa kwenye sufuria, na kwenye ile inayoifuata stuli ya kuruka, bakuli la kulia. Sufuria ilipaswa kupata bakuli lenye maharage mengi. Na ingepikwa kweli, kwa hiyo macho ya wote yalikuwa kwenye mabakuli, si ukutani.

Serge alianza. Alisoma, akatembea, akasoma. Aimée alihesabu, akatundika kitambaa. Serge akaendelea, akafika kwenye stuli ya kuruka, akainua macho ukutani, hakuruka. Akaendelea mbele. Bakuli dogo likamiminwa kwenye sufuria, maharage ya kulia hayakufunika hata chini.

Uwanja ulilipuka.

"Aimée hajui kuhesabu!"

"Aimée ametunyima chakula! Leo utakula wewe hesabu zako!"

"Niliweka cheusi," Aimée akasema.

"Cheusi kiko wapi?" Shangazi alikuwa amefika mbele yake. Kwenye kamba kilining'inia kitambaa cheupe. "Iko cheusi hiki? Niambie. Iko cheusi?"

"Hapana, Madamu. Lakini mimi niliweka cheusi."

"Unanisemea bongo, unanidanganya mbele ya macho yangu? Kitambaa hakina miguu!"

Nilisimama darasani kwangu, chaki mkononi. Nje ya uzio baba pia alisimama. Sauti ile tuliijua sisi wawili, na maneno yale tuliyajua. Aimée hakulia. Alikaa, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyekwisha kuelewa kwamba lolote atakalosema halitasikika. Ilinichoma, kwa sababu ndivyo baba yangu anavyokaa.

"Madamu," Chadrack akasema kutoka stuli iliyokuwa katikati ya Aimée na stuli ya kuruka.

"Wewe nyamaza."

"Madamu, nafikiri ni mimi."

Shangazi akageuka. Chadrack alionyesha kibao chake. Kazi yake ilikuwa kutoa harage moja kwenye kikombe kinachohesabu mashine imezunguka mara ngapi. Na sheria ya mashine, ambayo shangazi mwenyewe aliwakaririsha mpaka wakachoka, inasema kutoa pia kunabadilisha kitambaa: kikombe kikibaki tupu, cheupe. Wakati wa mapumziko waligundua stuli yake imesahaulika, naye kwa bidii yake akaiingiza mahali alipoona pana nafasi na kivuli. Alitoa harage lake la mwisho, kikombe kikawa tupu, akashusha kitambaa cheusi cha Aimée, akatundika cheupe.

"Mimi nilitia tu kazi yangu," akasema. "Sikujua kuna mutu nyuma yangu anangojea kusoma cha Aimée."

"Kwa hiyo Aimée hakukosea?" mmoja akauliza.

"Aimée hakukosea. Na mimi pia sikukosea, kazi yangu iko sawa, ona kikombe. Ni mahali tu. Nilipita katikati."

Wanafunzi walimgeukia shangazi wakingojea hukumu. Wengine walishaanza kuziba masikio kwa mzaha. Yeye alikuwa ameshika kile kitambaa cheupe, anakitazama. Somo hilo amelifundisha miaka mingi. Ameliandika ubaoni kwa mkono wake: anayeruka hamuoni aliyelinganisha, anaona alama ya mwisho, na alama haina jina la aliyeiweka. Alikuwa akilijua kama anavyojua kupika wali. Niliona kwa dirisha midomo yake ikisogea, kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza.

"Aimée," akasema hatimaye. "Nimekusemea vibaya. Mimina bakuli la kushoto. Pikeni."

Akatoka uwanjani na kitambaa mkononi, akapita geti, akaenda moja kwa moja kwenye rundo la matofali. Niliwaacha wanafunzi wangu na kitenzi ubaoni, nikamkimbilia, kwa maana sikujua anakwenda kumpiga baba au nini.

"Nani alipita katikati?" akamwuliza. Neno la kwanza, uso kwa uso, tangu matanga.

Baba alirudi nyuma hatua moja. "Katikati ya nini, yaya?" akauliza, akimwita dada yake mkubwa kama walivyozoea utotoni.

"Katikati yako na mama! Wewe ulipita asubuhi. Mama alipita mchana. Pale njia panda, katikati, nani alipita?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa nimeshaenda mbele." Akafikiri, akimshika jogoo vizuri. "Watu walikuwa wanapita siku ile. Wachimbaji walikuwa wanakimbilia machimbo, wengine wakikimbia kutoka huko. Mutu akienda machimbo akute nimefunga njia yake, na wenzake wako nyuma..."

Hakumaliza. Alikuwa ameifikiria, nadhani, usiku baada ya usiku, na hakuwahi kuifikisha mwisho.

"Ataifungua," shangazi akasema. "Ataifungua ya kushoto, atafunga ya kulia. Ili wenzake wasipotee."

"Labda. Sikuona, yaya. Siwezi kuapa nisichokiona."

"Na kwa nini hukuniambia hata hiyo labda?"

"Nilikuambia nilifunga kushoto. Ukasema majani hayana miguu."

"Na wewe ukakubali! Ungepiga kelele! Ungenikamata koo! Miaka yote hii unakuja kukaa nje ya mlango wangu kama mwizi aliyefungwa, na mimi nikikuona umekaa hivyo nasema, ona, hata yeye anajua!" Alikuwa akimpiga kifuani kwa kile kitambaa, kipigo kisichoweza kuumiza hata nzi. "Kwa nini hukupiga kelele, Bulaimu?"

"Kelele zote ulikuwa umeshazichukua wewe."

Nilidhani atamla. Badala yake alitoa sauti ya ajabu, nusu kicheko, akaikata katikati kwa hasira, kana kwamba imemponyoka bila ruhusa.

"Sijakusamehe," akasema. "Elewa vizuri. Sijui nani aliyaweka yale majani, na wewe hujui, na hatutajua. Ninayemkasirikia sasa sina hata jina lake. Niletee huyo jogoo kabla hujamuua kwa kumubana."

Jioni ile baba alikula ndani.

Siku ya tano, yaani Ijumaa, tuliondoka kwa pikipiki tatu, shangazi mbele, baba, kisha mimi. Nyuma yetu walikuwa wanawake wa kwaya na masufuria ya harusi, waliochelewa kama kawaida, wakiendeshwa na vijana wa Kasongo wasioijua njia ya Lusangi. Shangazi hakuwa amepita huko tangu kifo cha mama yake. Njia nzima alimgombeza dereva kwa kila shimo.

Kwenye njia panda alimpiga dereva begani asimame, akashuka. Unapotoka Kasongo, hapo ndipo njia ya machimbo na njia ya Lusangi zinapoachana. Hakuna cha kuona: udongo, nyasi ndefu, alama za matairi pande zote mbili. Alisimama akipaangalia kama mtu anayetaka kugombana na mahali.

"Funga," akamwambia baba.

Baba akavunja tawi, akalilaza kukingama njia ya machimbo, akaongeza nyasi. Akarudi kwenye pikipiki.

"Unaenda wapi?"

"Lusangi, yaya. Watu wanangojea."

"Wangojee. Wale wa nyuma wakifika, wakiyaona majani kwa macho yao, ndipo tutaondoka. Mimi siachi alama peke yake tena."

Kwa hiyo tulingoja juani, wao wawili wamesimama bega kwa bega, madereva wakinung'unika. Haikuchukua muda. Mchimbaji mmoja alitokea upande wa Kasongo kwa miguu, koleo begani, redio ndogo inaimba shingoni. Alitusalimia vizuri. Akaona majani kwenye njia yake, akainama, akayaokota yote kwa mkono mmoja, akayapeleka ng'ambo, akaanza kuyalaza kwenye njia ya Lusangi. Aliyalaza vizuri, akayanyoosha ncha.

Baba akamwonyesha shangazi kwa kidole.

"Wee!" Shangazi alimfikia mchimbaji kabla hajainuka, akamkamata mkono. "Unafanya nini?"

"Mama, pole, nafunga tu njia. Wenzangu iko nyuma, wawili ni wageni, watapotea."

"Na sisi? Na watu wetu walio nyuma? Hukuona mutu mwingine ameshafunga?"

"Niliona." Alimtazama kwa mshangao wa kweli, kijana mpole mwenye ndevu chache. "Lakini mutu akifunga si anakuwa ameshapita? Sikujua kuna wengine wanakuja nyuma yenu."

Shangazi hakumwachia. Usoni pake yalipita mambo ambayo siwezi kuyaandika. Nilingoja apige kelele. Alikuwa na haki nazo zote, za miaka yote.

"Weka chini koleo lako," akasema. "Utakaa hapa na sisi. Wako wakija, utawaonyesha kwa mdomo. Wangu wakija, nitawaonyesha kwa mdomo. Hakuna anayeondoka."

"Mama, jua hili—"

"Kaa!"

Akakaa. Baba akaokota majani, akabaki nayo mkononi, hajui ayapeleke upande gani.

"Yatupe, Bulaimu," dada yake akamwambia, bado na hasira, akimsogezea nafasi kwenye kivuli chembamba cha pikipiki. "Yatupe, ukuje ukae."